Kaburi la Ozi na Mtawa wa Ufaransa

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: "Profesa, huyu Fumo Liyongo aliishi kweli ama ni hadithi tu?" Swali zuri. Leo nalijibu nikianzia mbali kidogo.

Inasimuliwa kwamba katika karne ya 7 mtawa aitwaye Gilles alijitenga msituni, karibu na mdomo wa mto Rhône, Ufaransa, akiishi kwa maziwa ya paa. Mshale wa wawindaji wa mfalme ulimkosa paa ukamjeruhi yeye. Neno mtawa lenyewe latokana na kutawa, yaani kukaa faraghani. Habari zake ziliandikwa miaka mingi baada ya kifo chake, na wanahistoria huona sehemu kubwa kuwa ni ngano. Hata hivyo, mji wa Saint-Gilles ulikuzwa na mahujaji waliozuru kaburi lake. Hao si ngano.

Hebu sasa turudi kwetu Garsen, tushuke hadi Kipini na Ozi, Tana inapokutana na bahari. Liyongo hakuwa mtawa wala walii. Alikuwa shujaa na malenga. Lakini naye alikimbilia msituni akimhepa mfalme wa Pate, na naye akawindwa. Waliotumwa walitaka apande mkoma wamfume akiwa juu. Yeye akaziangua koma kwa mishale, miguu ikiwa chini!

Edward Steere alichapisha kisa hicho mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa akakitungia utendi mwaka 1913. Kuhusu wakati alioishi, wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa.

Basi tutenge historia mbili: ya mtu na ya kumbukumbu yake. Ya kwanza imefifia. Ya pili ipo. Ozi huonyeshwa kaburi lake. Wapokomo wana masimulizi yao juu yake. Utendi nao wasema Wagala walimtaka awe mkwe wao, wapate mbegu yake. Wagala ni jina la zamani, ambalo Waorma wa leo hawalipendi.

Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana papo hapo kwenye delta ya Tana, wakigombea maji na malisho. Kumbe wote wana sehemu katika kisa kimoja!

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, ukimaliza kuuliza kama Liyongo aliishi, uliza pia ni akina nani wanaomkumbuka. Jibu la swali hilo bado linaweza kuwasaidia walio hai.