Shata ya kamera ya kidijitali huhimili mifyatuo mingapi?

Kijana wa Kimisagara, mjini Kigali, anayetaka kujipatia riziki kwa kupiga picha za harusi kwa kawaida haanzi na kamera mpya. Hununua iliyokwisha kutumika, kwa faranga alizoweka akiba miezi mingi au alizokopa katika ikimina. Muuzaji humwonyesha kwamba lenzi ni safi, kioo cha nyuma hakina mikwaruzo na betri bado inatunza chaji. Sehemu yenye kufanya kazi ngumu kuliko zote imefichika ndani, na hali yake haijulikani kwa kuitazama kamera kwa nje.

Sehemu hiyo ni shata. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina lake. Wapiga picha wa zamani wa Rwanda waliosoma kwa Kifaransa huiita obturateur, na wako wanaosema pazia la kamera. Jina hili la mwisho linaeleza vizuri zaidi jinsi kifaa chenyewe kilivyo. Ndani ya kamera, mbele ya kihisi kinachopokea nuru, kuna mapazia mawili membamba yaliyoundwa kwa vipande vyepesi vya chuma au vya nyuzi za kaboni. Kitufe kikibonyezwa, pazia la kwanza hufunguka na nuru ikaingia. Kisha la pili hufuata na kuizuia. Katika kamera nyingi safari ya pazia moja huchukua muda usiozidi sehemu moja ya 200 ya sekunde. Vipande hivyo huondoka kwa kasi na kusimamishwa ghafla, mara moja kwa kila picha, na ndiyo sababu shata huchakaa kwa idadi ya mifyatuo kuliko kwa umri wa kamera.

Kampuni zinazotengeneza kamera hutaja idadi ya mifyatuo ambayo shata ilipimwa nayo kiwandani. Nikon D90, iliyotoka mwaka 2008 na ambayo bado hupatikana mikononi mwa wanaoanza, ilipimwa kwa mifyatuo 100,000. Canon EOS 5D Mark II ya mwaka huohuo, na ndugu zake Mark III na Mark IV, zilitajwa kuwa na uwezo wa 150,000. Nikon D850 ni 200,000. Kamera za waandishi wa habari na wapiga picha wa michezo huenda mbali zaidi: Nikon D5 ni 400,000, na Canon EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ni 500,000.

Takwimu hizo hueleweka vibaya mara kwa mara. Si ahadi, wala si siku ya kifo. Ziko shata zilizovuka kiwango chake maradufu zikaendelea kufanya kazi, na ziko zilizovunjika kabla ya kufika nusu. Lililo hakika ni kwamba uwezekano wa kuharibika hukua kadiri mifyatuo inavyoongezeka.

Matumizi mazito ni yapi, basi?

Tuchukue mfano wa mpiga picha ambaye kila Jumamosi hufuatana na maharusi tangu gusaba na gukwa asubuhi, kanisani au kwenye nikaha huko Nyamirambo mchana, hadi ukumbini usiku. Picha 1,500 kwa siku moja ya namna hiyo si nyingi. Akifanya kazi majuma 40 kwa mwaka, atakuwa amefyatua mara 60,000. Kwa hesabu hiyo, shata ya mifyatuo 150,000 itafikia kiwango chake baada ya miaka miwili na nusu, na ile ya 100,000 baada ya miezi 20. Jirani yake mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti, akihudumia wateja 30 kwa siku kwa picha nne kila mmoja, siku 300 kwa mwaka, atafyatua mara 36,000 tu. Kamera ileile itamtumikia zaidi ya miaka minne.

Kinachomaliza shata upesi kuliko yote ni kupiga picha mfululizo bila kuinua kidole. Canon EOS 7D ya mwaka 2009 hupiga picha nane kwa sekunde, na shata yake ilipimwa kwa 150,000. Lau ingeweza kufyatua bila kupumzika, ingekimaliza kiwango hicho kwa muda wa saa tano na dakika 12. Bibi harusi anapoikata keki, picha nne zilizochaguliwa vema zatosha. Wapiga picha wengi vijana hurudi nyumbani na 60.

Kurekodi video, kinyume na wanavyodhani wengi, hakuichoshi shata. Hufunguka mwanzoni na kubaki wazi hadi mwisho, hata ukirekodi hotuba zote za wazee wa pande mbili. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zina pia shata ya kielektroniki, ambayo haisogezi pazia lolote, na Nikon Z9 iliyotangazwa mwaka 2021 haina kabisa shata ya mapazia. Lakini katika kamera nyingi za bei nafuu njia hiyo ina kasoro zake: mchezaji anayeruka huweza kuonekana amepinda, taa za LED za ukumbini huacha mistari kwenye picha, na flashi kwa kawaida haiwaki.

Vumbi nalo ni adui. Katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, njia za udongo za mlimani Kimisagara hutimka kila pikipiki inapopita, na lenzi ikibadilishwa mahali pa wazi chembe huingia hadi kwenye mapazia. Yasiguswe kwa kidole, wala yasipulizwe kwa hewa ya kopo, kwani huweza kupinda au kutoka mahali pake. Shata yenyewe pia huweza kuwa chanzo cha uchafu. Nikon D600 ya mwaka 2012 ililalamikiwa sana kwa madoa meusi kwenye picha, na Februari 2014 kampuni hiyo ikatangaza kwamba itazikagua, kuzisafisha na kuzibadilishia shata bila malipo, hata zile zilizomaliza muda wa udhamini. Anayeuziwa D600 leo ana haki ya kuuliza kama ilibadilishiwa.

Kabla ya kulipa

Kamera za Nikon huandika idadi ya mifyatuo ndani ya faili la kila picha, na programu za bure za kompyuta huisoma. Faili liwe lile lililotoka moja kwa moja kwenye kadi ya kumbukumbu: picha iliyotumwa kwa WhatsApp huwa imepoteza taarifa hizo. Kamera nyingi za Canon haziiandiki kwenye picha, hivyo yapasa kamera iunganishwe na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu.

Mnunuzi apige pia picha ya ukuta mweupe kwa kasi ya 1/4000, arudie kwa kasi ndogo, kisha azilinganishe. Upande mmoja ukiwa mweusi kuliko mwingine, au mstari wa giza ukikatiza picha, mapazia yamepoteza ulinganifu. Ujumbe wa hitilafu unaotoweka kamera ikizimwa na kuwashwa usidharauliwe, hata muuzaji akisema ni betri tu.

Shata iliyokufa huweza kubadilishwa. Kwa kamera ya daraja la juu gharama hiyo huleta maana. Kwa kamera ndogo ya zamani, kipuri na ujira wa fundi huweza kukaribia bei ya kamera nyingine iliyotumika. Aidha, hesabu ya mifyatuo kwa kawaida hutunzwa kwenye bodi ya umeme, si kwenye shata. Kwa hiyo kamera yenye mifyatuo 180,000 huenda ina shata mpya, na yenye 5,000 huenda ilibadilishiwa bodi huku shata ikibaki ileile kuukuu. Risiti ya fundi, ikiwapo, ndiyo itakayoonyesha kilichobadilishwa.