Usawa wa Chuma

Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, lori letu liliunguza gasketi ya silinda hedi mara tatu katika muda wa miezi minne. Mara ya kwanza tulisema ni uchakavu. Mara ya pili nilimwita dereva ofisini. Alikuwa amenizidi umri, nami nilimwita Mzee mbele za watu na hata faraghani. Nilimwuliza kama huwa anaangalia maji kabla ya safari. Akajibu, "Mkuu, maji natia kila asubuhi. Gari hili lina neno jingine." Mara ya tatu sikumwuliza kitu. Nilimwandikia barua ya onyo, nikaagiza gharama ya gasketi ikatwe katika mshahara wake kwa awamu mbili.

Gasketi ya nne sikutaka ifungwe kijijini. Tulifungua hedi, tukaipeleka mjini kwenye karakana yenye mashine, nami nikaenda nayo mwenyewe. Fundi aliifuta mafuta, akailaza mezani uso juu, akachukua rula nene ya chuma akaisimamisha kwa ukingo wake juu ya uso ule. Kisha akashika taa upande wa pili. "Mwalimu, inama utazame." Niliinama. Katikati, chini ya ile rula, palikuwa na mwanga mwembamba kama uzi. Akapenyeza kijani cha chuma cha kupimia nafasi, kikapita bila kusukumwa. Kilikuwa na unene wa robo ya milimita. Hedi ilikwisha kupinda kwa joto tangu lilipochemka mara ya kwanza, na kila gasketi tuliyoweka juu yake ilikuwa ya kuungua tu, awe nani dereva.

Mwalimu ni mwalimu. Badala ya kunyamaza nikauliza: je, na rula yako umejuaje kwamba imenyooka? Hakuudhika. Alisema huilinganisha na bamba la kupimia, lile bamba zito lililokuwa pembeni limefunikwa kwa ubao. Na bamba je? Akacheka, akasema lilikuja na mashine.

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani, na majibu yake nimeyakusanya kidogo kidogo kwa miaka mingi. Chanzo chake hasa ni Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Zama hizo, aliyetaka uso wa chuma uwe sawa aliuchonga kwa patasi na nyundo, kisha akausugua kwa tupa, na usawa ulitegemea mkono na jicho la fundi. Henry Maudslay, aliyekuwa na karakana yake Lambeth, London, hakuridhika. Aliwawekea mafundi wake mabamba yaliyosawazishwa kwa uangalifu, ili kila kazi ipimwe juu ya bamba na si kwa kukisia. Katika karakana hiyo alipita kijana Joseph Whitworth, aliyeingia mwaka 1825. Mwaka 1833 Whitworth alianzisha kazi yake mwenyewe Manchester, na mwaka 1840 alisoma mbele ya chama cha wanasayansi wa Uingereza, katika mkutano wao wa Glasgow, maelezo ya namna ya kupata uso wa chuma ulio sawa kweli kweli. Wapo wasemao kwamba njia yenyewe ilikwisha kutumika kwa Maudslay. Hata kama ni hivyo, Whitworth ndiye aliyeieleza hadharani, na jina lake ndilo lililoganda.

Njia yenyewe inapendeza kwa mtu aliyefundisha hesabu. Mabamba mawili hayatoshi. Ukipaka moja rangi iliyochanganywa na mafuta, ukalifikicha juu ya jingine, rangi itakuonyesha mahali palipoinuka, nawe utapakwangua. Ukiendelea hivyo mpaka yagusane kila mahali, bado hujui kitu, kwani huenda moja limebonyea na jingine limebinuka kwa kiasi kile kile, kama kiganja kilichokumbatia ngoto. Hapo ndipo unapohitaji bamba la tatu. Lifanye lipatane na lile lililobonyea, nalo litabinuka. Sasa kutanisha haya mawili yaliyobinuka: yatabembea. Kosa lililofichika limejitokeza. Ukikwangua kwa kubadilishana mpaka yote matatu yapatane, kila moja na kila jingine, hakuna umbo linaloweza kutimiza sharti hilo isipokuwa usawa. Kumbe basi bamba la kwanza halikuhitaji bamba jingine lililo bora kuliko lenyewe. Lilizaliwa katika kupingana kwa mabamba matatu yenye kasoro. Whitworth alisisitiza kukwangua badala ya kusaga mabamba kwa unga wa msasa, maana unga hula popote unapojikusanya, lakini mkwanguo hugusa pale tu palipohukumiwa.

Lakini huwezi kukwangua kila chuma kwa mkono. Mashine ya kuranda chuma ilikwisha kuwapo. Ile ya Richard Roberts wa Manchester, ya mwaka 1817, imehifadhiwa London. Hiyo hukata kwa ncha moja inayokwaruza mstari baada ya mstari, kazi ya kuchosha hata kuitazama. Mashine ya miling, yenye kisu cha duara chenye meno mengi kinachozunguka, ilikulia zaidi Marekani katika viwanda vya bunduki. Vitabu vingi vilimtaja Eli Whitney kuwa mwanzilishi wake, mwaka 1818, nami nilifundisha hivyo bila wasiwasi. Baadaye watafiti walionyesha kwamba ushahidi wake ni dhaifu. Simeon North huko Connecticut na John Hall huko Harpers Ferry walikuwa wakitumia miling kwa vipande vya bunduki katika miaka hiyo hiyo, na Whitney alipewa sifa zaidi kuliko alivyostahili. Sijui ni wanafunzi wangu wangapi walioichukua sentensi ile wakaenda kuifundisha mahali pengine.

Mashine iliyonyoosha hedi yetu ni ya aina inayochonga uso. Mhimili wake husimama wima juu ya meza, na mwishoni umebeba sahani ya duara iliyopachikwa meno pembezoni. Sahani huzunguka, meza husogea polepole na kazi iliyofungwa juu yake, na kila jino hupita likikata ukoko mwembamba wenye umbo la upinde. Zamani meno yalikuwa ya chuma cha kawaida na hayakustahimili joto. Frederick Taylor na Maunsel White, wakifanya kazi Pennsylvania kuanzia mwaka 1898, walipata chuma cha kukatia kwa kasi kubwa, na katika miaka ya 1920 kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilitoa madini magumu iliyoyaita Widia, jina lenye maana ya "kama almasi". Jino likichakaa, hung'olewa hilo likawekwa jingine.

Siri yote imo katika kusimama kwa ule mhimili. Ukisimama wima kamili juu ya meza, meno yote hupita katika bapa moja, na ukitazama uso uliochongwa utaona alama za upinde zikikatana, za meno ya mbele na za meno ya nyuma. Ukiinama kidogo tu, alama huwa za upande mmoja na uso huwa na bonde ambalo jicho halilioni. Jambo jingine alilonionyesha fundi lilinishangaza zaidi. Kabla ya kufunga hedi mezani, alitia vipande vyembamba chini yake mahali palipoachana na meza. "Nikiibana mpaka inyooke, itakubali," alisema. "Nitaichonga, itaonekana safi. Nikiifungua tu, inarudi ilivyokuwa."

Alichonga mara mbili, ya pili nyembamba kama karatasi. Tulirudi na hedi jioni ile, dereva akasaidiana na fundi wetu kuifunga, na gasketi ile haikuungua tena katika miaka yote niliyobaki chuoni. Wiki ile ile nilimwagiza mhasibu arudishe fedha zilizokatwa. Alizirudisha, dereva akatia sahihi.

Barua ya onyo sikuifuta. Nilijiambia kwamba fedha zimesema yote, na kwamba mkuu akianza kufuta barua hatamaliza. Dereva hakuniuliza. Alistaafu mwaka 1997, na nilipokuwa natayarisha maneno machache ya kumwaga nilifungua jalada lake. Katika jalada zima, miaka zaidi ya ishirini ya kazi, hapakuwa na onyo jingine. Lilikuwa hilo moja, lenye sahihi yangu, likisema kwamba amelitumia gari la serikali kwa uzembe. Nililifunga jalada, nikaenda ukumbini kumsifu.