Kitete cha Hadharani: Istilahi ya Hofu ya Kusema Mbele za Watu

Kila kijiji cha Tanzania kina bunge lake, nalo ni mkutano mkuu wa kijiji. Mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Ipole, wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, uzito wa mkutano huo hauhitaji kuelezwa. Hii ni nchi ya miyombo, asali na wanyamapori, na sehemu ya ardhi ya vijiji imetengwa kuwa hifadhi ya wanyamapori ya jamii. Ardhi ya namna hiyo haitengwi bila ridhaa ya mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 nayo inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano huo kuidhinisha. Kwa hiyo mfugaji nyuki anayejua mizinga imetundikwa wapi, na mama anayejua kuni zinapatikana wapi, wana haki ya kusema na wana la kusema. Lakini wakati wa kunyoosha mkono moyo hudunda, koo hukauka, magoti hulegea, na hoja hurudi nyumbani haijasikiwa.

Wanasaikolojia huiita hali hii glosofobia. Neno hilo limeundwa kwa mizizi miwili ya Kigiriki, mmoja wa ulimi na mmoja wa hofu. Tukilitafsiri kipande kwa kipande tutapata “hofu ya ulimi”, nasi tutakuwa tumepotea njia. Mtu huyu haogopi ulimi wake. Jioni anasimulia habari za porini mpaka watu wanasahau chakula. Anachokiogopa ni macho ya wengi na hukumu yao. Istilahi nzuri huifuata dhana hiyo, haifuati vipande vya neno la kigeni.

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoikaribia dhana, na kila moja lina mzigo wake. *Woga* ni tabia: ukimwita mtu mwoga umemhukumu yeye mzima, na pengine umemfunga mdomo kwa miaka. *Haya* ni adabu, tena inasifiwa. Tukiita hali hii haya, tutamfanya kijana aamini kwamba kunyamaza ni heshima. *Hofu* ni pana na haina lawama, ndiyo maana inafaa katika lugha ya kitabibu. Lipo pia *kitete*, ule mtetemeko wa ghafla unaompata mtu mwenye hofu. Twasema mtu ameingiwa na kitete, au ameshikwa na kitete. Neno hili halimtaji mtu kuwa dhaifu. Linataja kitu kilichomjia, na kilichomjia chaweza kuondoka.

Kwa sababu hiyo napendekeza istilahi mbili. *Kitete cha hadharani* iwe jina la hali ya kawaida, inayowapata hata wasemaji wazoefu. *Hofu ya hadharani* ibaki kuwa tafsiri ya glosofobia yenyewe, yaani hofu kali na ya kudumu inayomfanya mtu akwepe kazi, masomo au uongozi ili tu asisimame mbele za watu. Ya kwanza hupunguzwa kwa mazoezi. Ya pili yastahili msaada wa mtaalamu wa afya ya akili. Msomaji wa Tabora atakumbuka kwamba Kitete ni jina la hospitali ya mkoa wake. Kifungu “cha hadharani” kinaondoa utata huo.

Jina sahihi husaidia kuelewa jinsi hali yenyewe inavyofanya kazi. Mwili unapohisi hatari humwaga adrenalini: mapigo ya moyo huongezeka, pumzi hufupika, mikono hutetemeka. Ni maandalizi ya kupambana au kukimbia, yaliyokuja mahali pasipo na simba. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wasemaji hudhani wasiwasi wao unaonekana kuliko unavyoonekana kweli, na kwamba waliofahamishwa jambo hilo mapema walihutubia vizuri zaidi. Kitete kinachokupigia ngoma kifuani, wasikilizaji hawakisikii hivyo.

Nchi hii ina mfano wake wa kale wa kusema mbele za watu. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika juu ya kirangozi, kiongozi wa njia katika misafara, aliyesimama mbele ya wapagazi na kuwahutubia kuhusu safari ya kesho na hatari za nchi watakayoingia. Kirangozi alisimama kwa sababu alikuwa na habari ambayo maisha ya wenziwe yaliihitaji. Msemaji anayeelekeza fikra zake kwenye habari aliyobeba hupunguza nafasi ya kujitazama mwenyewe, na kujitazama ndiko kunakokilisha kitete.

Dawa inayotumiwa na wanasaikolojia ni kuikabili hofu kwa hatua, na kijiji kinazo hatua hizo tayari. Anza kwenye kikundi cha wafugaji nyuki au cha kuweka na kukopa (VICOBA) kwa kuuliza swali moja. Kisha toa hoja kwenye mkutano wa kitongoji, mbele ya majirani. Halafu nenda mkutano mkuu ukiwa na sentensi ya kwanza uliyoikariri na salamu ambayo watu wataiitikia. Wakiitikia, utapata nafasi ya kuvuta pumzi. Usisubiri kitete kiishe ndipo useme, kwa maana hupungua kadiri unavyosema.

Mwenyekiti naye ana sehemu yake. Azuie vicheko, ampe muda anayekwama, wala asimwite mtu mwoga. Ardhi iliyoamuliwa na wasemaji hodari watano tu haijaamuliwa na kijiji.