Tufaha la Afrika Kusini: Tanzania na historia ya kufunga mlango wa biashara

Malori ya Fuso yanayoshuka kutoka Nyandira na Langali, yamesheheni kabichi, karoti na njegere, hukutana na lami pale Sangasanga, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa. Wakulima wa Mgeta, magharibi mwa milima ya Uluguru, huzalisha pia pichesi, plamu na matufaha, ambayo wengi huyaita maepo. Lakini tufaha linalong'aa kwenye meza za wauza matunda wa Morogoro na Dar es Salaam mara nyingi limevuka mipaka kadhaa kabla ya kufika hapo. Limetoka Afrika Kusini.

Aprili 2025 tufaha hilo lilijikuta katikati ya mvutano wa mataifa. Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alitangaza kuzuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Sababu ilielezwa wazi: Afrika Kusini kwa miaka mingi ilikuwa haipokei ndizi za Tanzania, na Malawi mwezi mmoja kabla ilikuwa imezuia bidhaa kadhaa za Tanzania, zikiwamo mchele, tangawizi na ndizi.

Wazee waliokumbuka miaka ya nyuma hawakushangaa. Matunda ya Afrika Kusini yalishawahi kususiwa, tena kwa sababu nzito zaidi.

Tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU katika nchi ambayo bado haijapata uhuru, alisimama kwenye mkutano jijini London pamoja na Padri Trevor Huddleston. Waliwaomba Waingereza waache kununua bidhaa za Afrika Kusini, hasa matunda na sigara, ili kuibana serikali ya makaburu iliyotawala kwa ubaguzi wa rangi. Kutokana na mkutano huo likazaliwa vuguvugu lililokuja kuenea duniani. Mwaka 1963, mwaka ambao Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa, Tanganyika huru ilipiga marufuku biashara na Afrika Kusini.

Msimamo wa namna hiyo ulikuwa na gharama. Ian Smith, kiongozi wa walowezi weupe, alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965 na Uingereza ikashindwa kumzuia, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi uliofuata, na mkopo wa Waingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Zambia, iliyotegemea reli za kusini, ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Ndipo malori ya mafuta na shaba yakaanza kupita Morogoro usiku na mchana. Bomba la mafuta la Tazama likakamilika mwaka 1968, kisha ikafuata reli ya Tazara, kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China.

Morogoro yenyewe ikawa makao ya wapigania uhuru. ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilifanya hapo mkutano wake mkubwa wa mwaka 1969. Miaka ya 1970 ikiyoyoma, lililokuwa shamba la mkonge la Mazimbu likageuka kuwa shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Leo majengo hayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Je, marufuku ya Tanzania iliitikisa Pretoria kiuchumi? Peke yake, hapana. Malawi ya Kamuzu Banda ilifungua uhusiano wa kibalozi na makaburu mwaka 1967, na mataifa makubwa ya Magharibi yaliendelea kufanya nao biashara kwa miaka mingi. Nguvu ya marufuku ile ilikuwa katika sharti lake, ambalo kila mtu alilijua: ubaguzi uondoke. Septemba 1993 Nelson Mandela aliiomba dunia iondoe vikwazo, na mlango ukafunguliwa. Haikuchukua muda, mitaji ya Afrika Kusini ikaingia kwenye bia, benki na maduka makubwa ya Tanzania.

Mkasa wa Kenya ulikwenda tofauti. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika na shirika la ndege la pamoja limesambaratika, Tanzania ilifunga mpaka. Ndege na magari yalizuiliwa, viwanda vya Kenya vikapoteza soko, na magendo yakashamiri. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya pande zote kukubaliana kugawana mali za jumuiya. Kwa karibu miaka saba wananchi wa pande mbili walilipia ugomvi ambao hatimaye ulimalizwa mezani.

Marufuku ya 2025 haikudumu hata wiki mbili. Mazungumzo yalipoanza, iliondolewa. Kama fimbo ya kuwaleta wenzetu mezani, ilitumika vizuri: ilikuwa na sharti linaloeleweka na ilikoma mara wenzetu walipokubali kuzungumza.

Kwa mkulima wa Mgeta, hata hivyo, haikubadilisha kitu. Mti wa tufaha huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na hakuna anayechimba shimo la mche kwa kutegemea katazo la siku chache. Hata kama katazo lingedumu, tunda lake lingebaki na vikwazo vilevile: barabara ya milimani inayosumbua wakati wa masika, upungufu wa vyumba vya ubaridi, na uhaba wa miche bora. Kufunga mpaka hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Serikali ina haki ya kuwabana majirani wanaokataa ndizi zetu. Basi iwe na haraka ileile katika kuitengeneza njia kati ya Nyandira na Sangasanga, ili siku tufaha la Afrika Kusini litakapozuiliwa tena, la Mgeta liwe limeshafika sokoni.