Dawa na Kovu la Vita

Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya askari peke yao, walakini hapana watu inaowafaa zaidi kuliko wale waliorudi kutoka vitani na viungo vyao vyote, na huku usingizi umewakimbia. Katika karne ya ishirini madaktari wengi walijaribu kuliponya kovu hili lisiloonekana, na katika kazi hiyo walikutana na swali ambalo elimu ya dawa peke yake haiwezi kulijibu: daktari wa jeshi ni mtumishi wa nani, wa mgonjwa au wa jeshi?

Mwaka 1915 Charles Myers, daktari wa Kiingereza, aliandika katika jarida la Lancet habari za askari waliopungukiwa na kuona, kunusa na kukumbuka baada ya makombora kupasuka karibu nao. Kwanza ilidhaniwa kuwa mshindo wa kombora ndio uliodhuru ubongo. Baadaye ikadhihirika kuwa hata askari ambao hawakukaribiwa na kombora walipatwa na maradhi yale yale. Elimu hii ilichelewa kuwafikia mahakimu wa vita. Mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe askari zaidi ya 300 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika vita hivyo kwa makosa kama utoro na woga, na yamkini baadhi yao walikuwa wagonjwa.

Katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa kwa mazungumzo, akiwahimiza wayatazame yaliyowapata badala ya kuyazika moyoni. Mwenzake Arthur Brock alitumia kazi na shughuli. Mmoja wa wagonjwa wa Brock alikuwa mshairi Wilfred Owen. Alipata nafuu, akarudi Ufaransa, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja kabla ya vita kwisha. Hapa haikutumika sindano wala kidonge, bali upole na maarifa. Na hata hivyo mwisho wa matibabu ulikuwa ni kumrudisha mtu kwenye moto uliomchoma. Basi shaka ya uadilifu haikuzaliwa na dawa. Dawa iliikuta, ikaizidisha.

Iliizidisha katika Vita Kuu ya Pili. Mnamo Februari 1943 jeshi la Marekani lilipata pigo kubwa katika njia ya Kasserine, Tunisia, na askari wengi walitolewa mbele wakitetemeka, wakilia, au wasiweze kusema neno. Frederick Hanson alielekeza watibiwe karibu na mstari wa vita: wapewe dawa ya kuwalaza, chakula na maneno ya kuwatia moyo, kisha warudi vikosini. Huko Algeria, Roy Grinker na John Spiegel walishika njia nyingine. Walimdunga mgonjwa Pentothal mshipani, na alipokuwa kati ya usingizi na macho, walimwambia kuwa yuko tena vitani na makombora yanakuja. Mgonjwa alipiga kelele, akajificha, akawaita rafiki zake waliokufa. Na kilio kilipokwisha, daktari alimtuliza na kumsaidia kuyaelewa aliyoyasema. Waliokuwa mabubu walisema. Lakini katika wale waliofika hospitali hizo za nyuma, wachache mno waliweza kurudi kupigana.

Si haki kuwalaumu madaktari hao bila kukumbuka waliishi kati ya watu gani. Mwezi Agosti mwaka huo huo, huko Sicily, Jemadari Patton aliwapiga makofi askari wawili waliolazwa hospitali kwa ugonjwa huu, akiwaita waoga, hata Eisenhower akamwamuru aombe radhi. Mbele ya kofi la jemadari, sindano ya daktari ilikuwa rehema, kwa kuwa ilikiri kwamba mtu yule ni mgonjwa.

Hata hivyo, rehema nayo ina mipaka. Mgonjwa wa kawaida akiikataa dawa, huenda zake. Askari akiikataa huenda akahesabiwa mwasi. Ridhaa iliyotolewa chini ya amri ni ridhaa pungufu. Tena dawa ya namna ile ilimfungua mtu kinywa wakati hana mamlaka juu ya ulimi wake, na siri zake zikawa mikononi mwa ofisa aliye juu yake.

Baada ya maradhi haya kutambuliwa rasmi na matabibu wa Marekani mwaka 1980 kama madhara ya msiba mkuu katika nafsi, dawa zilibadilika. Mwaka 1999 setralini iliidhinishwa huko kwa ajili yake, na mwaka 2002 Roger Pitman na wenzake walitangaza jaribio dogo la propranololi kwa watu waliopatwa na ajali na misiba mingine, kwa matumaini ya kupunguza ukali wa kumbukumbu kabla haujakita mizizi. Majaribio yaliyofuata hayakuyathibitisha matumaini hayo kwa yakini. Lakini mwaka 2003 baraza la maadili la Rais wa Marekani lilikwisha kuonya: mtu akipunguziwa uchungu wa alilolitenda au alilolishuhudia, je, haki haitapoteza shahidi wake?

Onyo hilo ni zito, walakini lisigeuzwe kuwa hukumu juu ya wanaoteseka. Askari hana deni la kukosa usingizi ili wengine waikumbuke vita. Kufuta kumbukumbu ni jambo moja, na kumwezesha mtu aibebe bila kuvunjika ni jambo jingine. Dawa inayofanya hili la pili haimwibii ukweli wake. Wajibu wa kukumbuka ni wa taifa zima lililompeleka. Na daktari, kabla hajaishika sindano, hana budi kujiuliza: huyu akipona, atapona kwa faida ya nani? Jibu likiwa ni kwa faida ya mgonjwa mwenyewe, naye ameridhia akiwa huru, dawa ni tiba. Jibu likiwa jingine, dawa ile ile imekwisha kuwa silaha.