Kijiko, Mshumaa na Kadi ya Kliniki

Kwa karne nyingi kifafa cha mimba kilihesabiwa kuwa pigo lisilobisha hodi. Jina letu linaanzia pale mwanamke anapoanguka na kutupa mikono na miguu. Waganga wa Ulaya nao walichukua neno la Kigiriki lenye maana ya mwako wa ghafla, kama wa radi, wakauita eklampsia. Majina yote mawili yametolewa na mtu aliyefika mwisho wa mkasa. Nikiitazama historia ya ugonjwa huu, naona hatua kubwa ya kuuzuia haikusubiri chanzo chake kijulikane, maana hata leo hakijaeleweka sawasawa. Ililetwa na mazoea ya kumpima mwanamke asiyejisikia mgonjwa, tena na tena, kwa tarehe aliyopangiwa.

Katika hospitali ya Guy's mjini London, Richard Bright alikuwa ameonyesha kuwa mkojo kidogo ukiwekwa kwenye kijiko na kupashwa moto juu ya mshumaa, wa mwenye maradhi ya figo huganda ukawa mweupe kama ute wa yai kikaangoni. Mwaka 1843 mwenzake wa hapohapo, John Lever, aliupima mkojo wa wajawazito. Weupe ule aliuona kwa waliopata degedege, na pia kwa wengine ambao walikuwa bado hawajaanguka ila dalili zimeshawaanza. Kumbe radi ilikuwa na wingu lake. Kipimo cha presha alichokitengeneza Scipione Riva-Rocci nchini Italia mwaka 1896 kikaleta alama ya pili, na mwaka uliofuata Vaquez na Nobécourt wakaripoti kutoka Paris kwamba presha ya wagonjwa hao hupanda.

Alama zilikuwepo, ila hospitali humngoja anayeumwa, na ugonjwa huu mara nyingi hauumi mpaka umeiva. Ndiyo maana namhesabu John Ballantyne wa Edinburgh, aliyedai mwaka 1901 kwamba wajawazito watunziwe vitanda kabla ya uchungu, kuwa sawa na wenye vijiko na mashine. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ikatoa ratiba: wiki ya 16, ya 24, ya 28, kisha kila baada ya wiki mbili hadi ya 36, halafu kila wiki. Itazame ratiba hiyo vizuri: tarehe zinasongamana kuelekea mwisho, pale presha inapopenda kupanda. Kadi ya kliniki ya bibi zetu ilirithi umbo hilo.

Mtu atasema kifafa cha mimba kilipungua katika nchi tajiri kwa sababu ya lishe na uzazi wa mpango. Vimechangia, sikatai. Lakini presha ya mimba yenyewe haijatoweka huko. Kilichopungua sana ni degedege na vifo, yaani ugonjwa hukamatwa njiani na mama akazalishwa mapema. Reginald Hamlin, kabla hajaenda na mkewe Catherine kutibu fistula Addis Ababa, aliandika mwaka 1952 kwamba katika hospitali ya Crown Street, Sydney, kifafa hicho kilikuwa karibu kwisha. Yeye aliisifu lishe na kudhibiti uzito. Nadharia hiyo haikusimama baadaye. Nafikiri kilichomsaidia ni ule ukali wake wa kutomwacha mama apotee kati ya tarehe mbili.

Pingamizi zito zaidi ni la nauli na foleni. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mahudhurio manne mwaka 2002, baada ya utafiti kuonyesha kwamba kuyapunguza hakudhuru. Takwimu zilezile zilipochambuliwa upya zilionyesha vifo vya watoto tumboni vikiongezeka kati ya wiki ya 32 na ya 36, na mwaka 2016 idadi ikapandishwa hadi nane. Na kupima bila dawa ni kumtisha mama bure: magnesiamu salfeti ilitumika Marekani tangu miaka ya 1920, lakini ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, hatari ya degedege ikapungua kwa zaidi ya nusu.

Kinga za sasa zinairudisha hoja kwenye kadi. Aspirini ya miligramu 150, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017 kwa waliobainika kuwa hatarini, ilipunguza ugonjwa unaolazimisha kuzaa kabla ya wiki ya 37 kwa asilimia 62. Ila ilianzwa kati ya wiki ya 11 na ya 14. Dar es Salaam, wajawazito wa mimba ya kwanza 11,000 walishiriki utafiti wa kalsiamu uliochapishwa mwaka 2024: miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia ugonjwa, kwa hiyo kidonge kimoja chatosha badala ya vitatu. Nao waliandikishwa kabla ya wiki ya 20, wakati akina mama wengi wa kwetu bado hawajafungua kadi.