Magurudumu ya Datsun 240Z: historia iliyojificha ndani ya namba

Leo hatuzungumzii programu wala seva. Tunazungumzia rimu za gari, na gari lenyewe lina zaidi ya miaka hamsini. Usiondoke bado. Kama umewahi kuunganisha programu mpya na mfumo wa zamani, kila upande ukiwa na kanuni zake, hadithi hii utaitambua upesi.

Gari ninalosema ni Datsun 240Z. Mwenye nalo leo, rimu zake za awali zikiwa zimeliwa na kutu au zimepinda, anakabiliwa na swali linaloonekana dogo: nifunge rimu gani badala yake? Akikosea rangi, atachekwa tu. Akikosea namba, tairi itakwaruza springi kwenye kona, au nati zitalegea gari likiwa mwendoni. Basi tuanze na historia, kwa sababu namba zote zimetoka huko.

Gari la Japani, sifa ya Safari

Nissan ilizindua gari hili mwaka 1969. Japani liliitwa Fairlady Z, nchi za nje likaitwa Datsun 240Z. Lilikuwa na injini ya silinda sita yenye ujazo wa sisi 2,393, na Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 3,526. Kwa gari la michezo lenye silinda sita, bei hiyo ilikuwa ya kushangaza.

Wakenya walilijua kwa njia nyingine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiendesha 240Z. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta kushinda, safari hii akiwa na Lofty Drews. Alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Gari la Herrmann la 1971 lipo hadi leo. Nissan inalihifadhi kwao Japani, na mwaka 2013 mafundi wake walilifufua likaunguruma tena.

Sasa angalia miguu ya gari hili. 240Z ya kawaida ilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 14 zenye upana wa inchi 4.5 tu, zimefichwa nyuma ya vifuniko. Injini ya mbio, viatu vya kwendea sokoni! Nissan wenyewe walijua kilicho bora: toleo la Z432 lililouzwa Japani lilifungwa rimu za magnesiamu. Mnunuzi wa kawaida aliachiwa chuma, na wengi hawakukaa nacho muda mrefu.

Walioanza kuuza viatu vipya

Wazo la kusubu gurudumu zima kwa madini mepesi ni la zamani kuliko Datsun. Mwaka 1924 Ettore Bugatti alipeleka magari yake ya Type 35 kwenye mashindano ya Lyon, Ufaransa, yakiwa na magurudumu ya aluminiamu yenye spoki nane bapa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ted Halibrand wa California alianza kuuza magurudumu ya magnesiamu kwa watu wa mbio. Mwaka 1956 ikaanzishwa American Racing, huko huko California. Uingereza, miaka ya 1960, ikazaliwa Minilite kwa ajili ya gari dogo la Mini: magnesiamu tena, spoki nane tena. Japani nako wakaja Watanabe, na spoki zao nane hadi leo ndizo watu huziwazia wanaposikia jina la Z.

Kwa nini madini mepesi? Kwa sababu gurudumu liko chini ya springi. Uzito ulio juu ya springi hubebwa na springi, lakini uzito ulio chini yake hurushwa na kila shimo na kila tuta, na shokabzoba hulazimika kuutuliza. Ukipunguza kilo chache hapo, tairi hushika barabara vizuri zaidi.

Halafu matangazo yakafuata. Miaka ya 1970 na 1971, timu ya BRE ya Peter Brock ilitwaa ubingwa wa kitaifa wa daraja lake Marekani, John Morton akiendesha 240Z iliyofungwa magurudumu ya American Racing. Mtu akiona gari la mshindi, naye anataka rimu za mshindi. Biashara ikawaka moto.

Ila watengenezaji walikuwa na tatizo. Kila kampuni ya magari ilipanga bolti zake kivyake. Baadhi yao walitafuta njia ya mkato: rimu za kila gari, ambazo matundu yake ya bolti yalikuwa marefu kama ufa ili yakubali mipangilio kadhaa, kisha washa maalumu ikaziba pengo. Zikifungwa kwa washa sahihi zilifanya kazi. Zikifungwa ovyo, bolti ilipata nafasi ya kuhama. Ukizikuta kwenye gari la zamani, ziweke stoo.

Namba nne za kupeana mkono

Programu mbili haziwezi kuzungumza bila kukubaliana kwanza. Rimu na gari ni vivyo hivyo. Kuna namba nne, na zote lazima zikubali kwa pamoja.

1. Duara la bolti. 240Z ina bolti nne zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Kwa nini hiyo nukta tatu? Kwa sababu si kipimo cha milimita hata kidogo. Ni inchi 4.5 zilizovaa nguo za milimita. Japani ilikuwa nchi ya mita, lakini kipimo cha inchi kilishaingia kwenye sekta ya magari, na hakikutoka. Magari ya leo kabisa bado yanatumia 114.3.

2. Ofseti. Huu ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusana na habu. Kwa 240Z ni sifuri au karibu sana na sifuri. Magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele hutumia ofseti kubwa, mara nyingi milimita 35 hadi 55.

3. Tundu la katikati. Kwa 240Z ni takribani milimita 73.

4. Upana. Hapa ndipo hesabu inapoanza. Rimu ya inchi 4.5 yenye ofseti sifuri hutokeza milimita 57 kila upande. Ya inchi 7 yenye ofseti hiyo hiyo hutokeza milimita 89. Yaani umesogea milimita 32 kuelekea springi, na milimita 32 nyingine kuelekea madigadi.

Tuchukue mfano. Unapita Kirinyaga Road, Nairobi, unakuta rimu safi za Honda Accord ya miaka ya 1990. Muuzaji anakuambia, "Ni four one-fourteen, zitaingia." Namba ya kwanza ni kweli inalingana. Lakini tundu lake la katikati ni milimita 64.1, kwa hiyo haliingii kwenye habu ya 73. Hata ukilichonga, ofseti yake ya milimita 50 hivi italivuta gurudumu ndani hadi liguse springi. Namba moja imekubali, mbili zimekataa. Jibu ni hapana, hata kama bei ni nzuri.

Makosa ya upande wa pili yapo pia. Rimu iliyotokeza nje sana hupendeza kwenye picha, lakini hurefusha wenzo unaobonyeza beringi, na usukani huanza kuvuta mikono kila unapokanyaga shimo.

Mstari mmoja, vipimo vitatu

Soma ubavu wa tairi yoyote: 205/70 R14. Namba ya kwanza ni milimita, ya pili ni asilimia, ya tatu ni inchi. Mwanaprogramu akiandika data hivyo, wenzake watamwita pembeni. Lakini dunia nzima inaisoma bila shida.

Michelin walijaribu kusafisha. Mwaka 1975 walileta mfumo wa TRX, uliokuwa na rimu za kipimo cha milimita, kwa mfano 365 na 390. Kiufundi lilikuwa wazo zuri, na Ferrari, BMW, Ford na Peugeot waliliuza kwenye baadhi ya magari yao. Tatizo ni kwamba tairi ya TRX haifungiki kwenye rimu ya inchi, wala ya inchi kwenye rimu ya TRX. Mfumo ukafifia, na wenye magari hayo leo wananunua tairi adimu kwa bei ya juu au wanabadilisha rimu zote nne. Kipimo kinachotumiwa na wengi, hata kikiwa kibaya, humshinda kipimo safi asiye na wenzake. Watu wa kompyuta mnaelewa.

Turudi kwenye Z. Tairi yake ya awali, 175HR14, ilikuwa na kipenyo cha takribani milimita 643. Tairi ya 205/70 R14 inatoa 643 vile vile. Ya 205/60 R15 inatoa 627: spidomita ikisema 100, wewe uko karibu 98. Hilo linavumilika. Ya 185/60 R14 inatoa 578: spidomita ikisema 100, wewe uko 90, na gari limeshuka sentimita tatu na zaidi. Kwa matuta yetu, hesabu hiyo inalipwa na chasisi.

Basi uchague nini?

Kwa maoni yangu, rimu ya inchi 14 yenye upana wa 6, au ya inchi 15 yenye upana wa 7, ofseti karibu na sifuri, ndiyo inayoheshimu gari na hesabu. Hata hivyo pima gari lako mwenyewe kabla ya kulipa, kwa sababu huenda springi zake zimebadilishwa zaidi ya mara moja.

Kuwa mwangalifu na magnesiamu ya miaka ya 1960 na 1970. Ni nyepesi kuliko aluminiamu kwa theluthi moja hivi, lakini huliwa na unyevu, na ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi. Bila kupimwa ufa na fundi mwenye vifaa, hiyo ni ya kutundika ukutani. Nunua aluminiamu mpya ya umbo lile lile, na utafute alama ya JWL ya Japani iliyochapwa kwenye rimu. Tumia pia nati zilizokusudiwa kwa rimu hiyo. Baadhi hutaka nati yenye koni, nyingine hutaka nati yenye shingo na washa bapa. Ukizichanganya, zitaonekana zimekaza kumbe hazijakaa.

Na rimu za zamani za chuma usizitupe. Chuma kikigonga shimo hupinda, na fundi wa kando ya barabara anaweza kukinyoosha kwa nyundo ukafika nyumbani, ilhali aluminiamu ya kusubu hupasuka. Zaidi ya hayo, zile inchi 4.5 za upana ndizo ushahidi wa jinsi gari lilivyotoka kiwandani. Atakayelinunua baada yako atataka kuziona.